Mwanandani Mkavu

Kwa miaka mitatu ya utoto wangu nilimwonea wivu mtoto ambaye sikupata kumwona. Wivu hasa, wa kung'ata meno. Bibi akinipiga kofi, nasema moyoni: yule hapigwi. Nikilala peke yangu, nasema: yule kalala kifuani kwa mama. Na chuki yote hiyo niliitia moyoni kwa sababu ya neno moja tu, na kwa sababu wakubwa wakishafikwa na msiba husahau kwamba watoto wana masikio.

Mama alikufa mwaka ule wa Mapinduzi, katikati ya masika, mvua haijui kukatika. Nilikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tukikaa Ng'ambo katika nyumba ya udongo na makuti, baba, mama, mie na bibi mzaa baba. Siku ya maziko nyumba ilijaa wanawake, nami nikawa napakatwa na huyu, napokewa na yule, hakuna anayenambia kitu. Wanaume walipoondoka na jeneza, wanawake walibaki, kwa sababu kwetu wanawake hawaendi makaburini. Habari za kaburi huletwa nyumbani, kama habari za sokoni.

Waliporudi walikuwa na matope mpaka magotini. Wakasimama uani wakikosha miguu, na bibi akauliza nyuma ya pazia, "Vipi huko, baba?"

Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyejibu. "Alhamdulillahi, mama. Mwanandani mzuri. Mkavu."

"Mkavu, na mvua yote hii?"

"Mkavu, wallahi. Hata tone."

Wanawake wote wakasema alhamdulillahi, na shangazi yangu, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akajifuta uso kwa upande wa kanga akanyamaza. Niliona kwamba ile ndiyo habari njema ya siku.

Mie nilisikia mwana wa ndani. Mtoto. Mtoto mzuri, mkavu, aliyeko huko ndani alikokwenda mama. Na hapo ndipo roho iliponiruka, kwa sababu mie sikuwa mkavu. Mie nilikuwa kikojozi.

Tena si kikojozi wa kubahatisha. Nilikuwa kikojozi wa kila siku iliyoumbwa na Mungu, masika na kiangazi. Asubuhi mama akiutoa mkeka wangu kimya kimya, anaumwagia maji, anauanika juani, jioni anaurudisha. Hakuwahi kunisema. Siku za mwisho mwisho miguu ilikuwa imemvimba, akikaa kitako anajipepea, na mkeka ukitolewa na baba kabla hajakwenda kazini. Basi nikapima kwa akili yangu ya kitoto nikaona jambo liko wazi: mama kachoka. Kapata mwana mkavu, kenda naye. Sikumuuliza mtu, maana niliogopa kuambiwa ndiyo.

Mwaka uliofuata, au ule wa baada yake, tulihama. Baba alikuwa fundi mwashi, akifanya kazi ya serikali, akapangiwa vyumba viwili Mji Mkongwe katika nyumba ya ghorofa ambayo wengi wa wenyewe walikuwa wameshaondoka. Tulipita Mlandege na vyombo vyetu juu ya mkokoteni, bibi mbele kashika kinu, anasalimia watu wa madukani utafikiri anakwenda Hija. Lakini alipofika mlangoni akasita. "Nyumba za mawe zina wenyewe," akasema, akasoma kila aya anayoijua kabla ya kuvuka kizingiti.

Na kweli ilikuwa na mwenyewe, lakini hakuwa jini. Chumbani chini, karibu na ngazi, alikuwa amebaki bibi mmoja mwembamba wa ukoo wa nyumba ile. Wanawe walikuwa wamesafiri. Yeye alikataa, na serikali ikamwachia chumba chake kimoja. Sote tukimwita Bi Mkubwa. Baba alipomsalimia "Shikamoo, Bi Mkubwa, sie tumepangiwa huko juu," alijibu, "Marahaba. Kupangiwa kwenu mie hakunihusu. Mpite taratibu tu, msije mkawaamsha watu wangu."

"Watu gani, Bi Mkubwa?"

"Wa chini."

Bibi akakaribia kurudi Ng'ambo na kinu chake.

Chini ya ngazi palikuwa na mlango mdogo wa mbao nzito, wa kuingia kwa kuinama. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Bi Mkubwa akitoka chumbani kwake kavaa safi, chetezo cha ubani mkono huu, kandili mkono huu, ufunguo kautia kinywani, anasema kama mtu anayeaga majirani, "Haya, nnakwenda kwetu." Akifungua ule mlango, akishuka, akipotea. Harufu ya ubani ikibaki inapanda ngazi mpaka kwetu.

Baba alitueleza, maana fundi mwashi huiona nyumba hata pale isipoonekana. Watu wa kale wa ukoo ule walizika mahali pale kabla mji haujabanana. Baadaye walipotaka kujenga, hawakuwa na moyo wa kuwakanyaga wazee wao, basi wakajenga matao juu ya makaburi na nyumba juu ya matao, na jirani naye, aliyekuwa ndugu, akafanya vile vile. Pakabaki ujia wa chini kwa chini, unaopita chini ya nyumba yetu, chini ya uchochoro, mpaka chini ya nyumba ya pili, na makaburi pande zote mbili.

Watoto wa mtaani hawakuridhika na maelezo ya fundi. Kwao lile lilikuwa handaki. Mmoja alisema linakwenda mpaka Mtoni, mwengine akasema Mangapwani. Alikuwapo msichana mmoja mwongo, Mungu amrehemu, aliyeapa kwamba babu yake aliingia humo akatokea Makka, akarudi na tende. Mie nilisikiliza yote, na katika yote nikachukua langu: kama handaki linakwenda Mtoni, basi linapita nje ya mji, na mama kazikwa nje ya mji. Kwa hivyo mama yuko kwenye njia. Ningeshuka kwa ule mlango mdogo, ningekwenda, ningekwenda, ningemkuta kakaa na yule mwanawe mkavu. Na ningemwambia, "Mama, nami nshakuwa mkavu. Niangalie."

Tatizo lilikuwa moja. Sikuwa.

Kule Ng'ambo mkeka wangu ulikuwa ukianikwa nyuma ya nyumba. Mjini hakuna nyuma ya nyumba. Bibi akiuanika kwenye roshani, juu ya uchochoro, na Bi Mkubwa akitoka kwenda dukani anainua uso. "Ehee! Naona bendera imepanda leo!" Alikuwa na sauti nyembamba inayofika mbali. Mwenye duka akicheka, wapita njia wakicheka, nami juu nikitamani ardhi ipasuke.

Siku moja nilijikaza nikamfuata mlangoni kwake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unataka nini, mtoto wa juu?"

"Nataka kwenda chini na wewe."

Alinitazama toka nywele mpaka kucha, akavuta pumzi puani. "Huko watu wamelala na twahara zao. Kikojozi haendi kwetu. Siku ya Alhamisi nikitoka nikaona bendera haikupanda, ntakuchukua. Ikipanda, baki na bibi yako."

"Kweli, Bi Mkubwa?"

"Mie nna sura ya mtu mwongo?"

Lo! Nilihangaika mie. Magharibi ikiingia siguswi na tone la maji. Jirani analeta uji wa shira, nasema nshakula, na mate yananitoka. Bibi akanipa dawa ya mizizi chungu mpaka machozi, nikainywa bila kukemewa, jambo ambalo lilimtia wasiwasi akanishika paji la uso aone kama nna homa. Jumatatu mkavu, Jumanne mkavu, Alhamisi alfajiri nimelowa chapachapa. Nililia siku ile kama nimefiwa upya. Bi Mkubwa alitoka na chetezo chake, akaangalia juu, hakusema neno la bendera. Alitikisa kichwa tu, akashuka peke yake. Kwa mara ya kwanza nilitamani anitanie.

Ikaja Alhamisi nyengine, na nyengine. Kisha Alhamisi moja niliamka, nikapapasa chini yangu, nikapapasa tena. Mkeka ulikuwa mkavu. Nilimwamsha bibi, nikamwamsha baba, nikawataka wote wawili waje wapapase. Baba alipapasa kwa heshima zote, kama anayekagua ukuta wa mtu mkubwa. "Mashaallah," akasema. "Kazi safi."

Alasiri nilikoga, nikavaa gauni langu la Idi, bibi akanisaidia kutia udhu huku ananung'unika. "Wanawake na makaburi wapi na wapi?"

Bi Mkubwa alimsikia kutoka chini. "Mie makaburini sendi!" alijibu. "Kama makaburi yamenijia ndani ya nyumba, ntayafukuza?"

Tukainama, tukaingia. Ngazi zilikuwa za mawe, zimelika katikati. Nilitegemea giza na majini, nikakuta baridi nzuri na harufu ya chokaa na udongo. Matao yalishuka chini kiasi kwamba hata Bi Mkubwa, mfupi yule, alitembea ameinamisha shingo. Makaburi yalikuwa mafupi mafupi, yamepakwa chokaa, mengine yamepandiana kwa uzee. Juu karibu na dari palikuwa na vitundu vya hewa vilivyotokea uchochoroni, usawa wa miguu ya watu, na mwanga ukiingia kwa humo. Mji wote ulikuwa ukitembea juu yetu. Nilisikia kengele ya baskeli, nikasikia mwanamke akikataa bei ya pweza, kisha muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, karibu kiasi cha kuweza kumshika kisigino.

"Asalaam alaykum, watu wa kwetu," alisema Bi Mkubwa. "Leo nna mgeni. Msafi."

Akaanza kufagia kwa ufagio wa chelewa, anawapitia mmoja mmoja. Huyu alikuwa mkali, huyu alikuwa akipenda halua, huyu alikufa mdogo. Mie sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikitazama mbele, ambako ujia unaingia kivulini, na nilipoona kashughulika nikaanza kwenda. Nikapita chini ya uchochoro, nikapita kaburi la mwisho, nikafika ukutani. Ukuta mzima, wa mawe, hauna mlango. Nikaupapasa kama nilivyopapasa mkeka asubuhi. Kisha nikaita.

"Mama! Mama!"

Bi Mkubwa alikuja mbio, kandili inamwagika mafuta. "We mtoto, umeona nini?"

"Njia ya kwa mama iko wapi?"

"Njia gani?"

"Ya Mtoni. Ya kwenda kwa mama na mwana wa ndani wake."

Akasimama. Nikamweleza yote, kwa kwikwi, bila mpango: matope ya ami, mwanandani mzuri, mkavu, hata tone, na mie na mkeka wangu, na jinsi mama alivyochoka akenda na yule. Nikamwambia sasa nshakuwa mkavu, na ukuta umeziba.

Kwanza alicheka. Wallahi alicheka, mpaka akashika ukuta. "Mwanandani! Toba, ya Rabbi! Mwana wa ndani!" Kisha kicheko kikamkatika, akaiweka kandili chini, akanifuta uso kwa buibui lake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. "Miaka yote hiyo umekaa na hili tumboni? Hakuna aliyekwambia? Njoo."

Alinirudisha mpaka karibu na ngazi. Pembeni, karibu na kaburi moja lililopakwa chokaa vizuri kuliko yote, palikuwa na mbao zimepangwa juu ya ardhi. Akaziondoa. Chini yake palikuwa na shimo la kaburi, tupu, limefagiliwa. Akashusha kandili ndani.

"Tazama pale ubavuni, upande wa kibla. Unaona palivyochimbwa kwa ndani, kama rafu ya kabati? Maiti hatupwi shimoni. Hulazwa pale, ubavu wake wa kulia, akafunikwa kwa mbao, ndipo udongo ukarudishwa, usimguse. Pale ndipo panapoitwa mwanandani. Si mtoto. Ni pahala pa kulala."

Nikatazama. Kiswahili chetu ndicho kilichonidanganya. Mzuri wa mtu na mzuri wa shimo ni mzuri huyo huyo, na mkavu wao ni mmoja.

"Na huu wa nani?"

"Wangu. Marehemu mume wangu aliuchimbisha wake na wangu pamoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye akaingia upesi." Akaligonga kaburi lile lenye chokaa kwa vidole viwili, kama unavyomgonga mtu begani. "Mie bado. Lakini naufagia, mtu hajui. Tia mkono."

Nililala kifudifudi, akanishika miguu, nikatia mkono mpaka ndani. Udongo ulikuwa wa baridi na mkavu, unabomoka kidogo kwenye vidole. Nikapapasa kila pembe. Hamkuwa na mtu.

Nataka niseme hapa hapa yaliyompata, nisije nikasahau. Bi Mkubwa alikufa miaka michache baadaye, mie nshakuwa mwari. Wakati ule mazishi ya ndani ya mji yalikuwa yameshakatazwa, akapelekwa nje ya mji kama watu wote, na ule wake uliofagiliwa miaka yote ukabaki mtupu. Nilikaa na wanawake chumbani kwake tukingojea. Baba aliporudi, udongo mikononi, nilimuuliza nyuma ya pazia, "Vipi huko, baba?" Akaukung'uta. Kisha akasema, "Mwanandani mzuri, mwanangu. Mkavu." Nikasema alhamdulillahi, na nilijua nasema nini.

Lakini siku ile nna miaka minane nilipoutoa mkono wangu mtupu, sikufurahi kama nilivyodhani. Kwanza nilifurahi, sitasema uongo: adui yangu hakuwapo, wala hakupata kuwapo. Kisha nikafikiri tena, na lililonijia lilikuwa baya zaidi.

"Basi mama yuko peke yake?"

Bi Mkubwa akazirudisha mbao juu ya shimo. "Twende juu," akasema. "Swali hilo lina mwenyewe."

Baba alirudi kutoka kazini jioni, akakoga, akakaa juu ya mkeka bibi akamwekea muhogo wa nazi. Nilikaa mbele yake. Sikungoja hata atie tonge la kwanza.

"Baba, nshajua. Mwanandani si mtoto. Mama yuko peke yake kule."

Tonge likabaki mkononi. Bibi jikoni akaacha kukoroga. "Nani kakwambia habari ya mtoto?" baba aliuliza, taratibu sana.

"Ami. Siku ile. Alisema mwanandani mzuri, mkavu. Mie nkadhani mama kapata mwana mkavu, kaniacha mie kwa sababu nakojoa. Kumbe ni pahala tu. Kumbe hana mtu."

Baba alilirudisha tonge sahanini. Nilimwona anamtazama bibi, na bibi akainama. Kisha akanivuta akanikalisha mapajani, ingawa nilikuwa nshakuwa mkubwa na miguu yangu ikiburura chini.

"Hayuko peke yake," akasema. "Mama yako alikuwa na mimba. Uchungu ulimjia kabla ya wakati, mvua inanyesha, mkunga hakuwahi. Mtoto hakutoka. Walikwenda pamoja, hivyo hivyo walivyokuwa. Mwana wa ndani alikuwapo, mwanangu. Hukukosea."

Sijui kama mtu mzima anaweza kufahamu jinsi moyo wa mtoto unavyoweza kugeuka mara tatu kwa siku moja. Adui niliyemzika mchana kafufuka magharibi, na sikuweza kumchukia tena. Nikauliza alikuwa mwanamme au mwanamke. Baba akasema hajui, hawakumwona. Nikauliza kama ana jina. Akatikisa kichwa. Halafu nikauliza lile lililokuwa langu hasa, na sauti ikanitoka ndogo.

"Lakini mie aliniacha kwa sababu nakojoa?"

"La!" Alisema kwa nguvu mpaka nikashtuka. Akajikohoza. "Sikiliza nkwambie kitu. Hata bibi yako sijamwambia. Siku ile, alasiri, mie nimekaa kichwani pake, nimemshika mkono. Mvua ilikuwa imeacha kidogo, jua limetoka, basi mkeka wako nlikuwa nimeuanika uani. Yeye hasemi tena, macho kafumba. Mara wingu likafunga. Akafungua macho. Akanambia, 'Mvua inakuja, na mkeka wa mtoto uko nje.' Nkamwambia, wacha, mkeka si kitu. Akasema, 'Kautoe. Atalala wapi?'"

Baba akainua macho. Bibi alikuwa amekuja mpaka mlangoni, mwiko mkononi.

"Nkatoka mbio. Niliporudi nao, kesha kwenda."

Huko chini uchochoroni mtu alikuwa akipita anaimba, akapita, akenda zake.

"Uliuwahi?" nikauliza.

"Nini?"

"Mkeka. Uliuwahi kabla ya mvua?"

Machozi yalikuwa yakimshuka baba waziwazi, hakuyafuta. "Nliuwahi," akasema. "Ulikuwa mkavu. Ulilalia huo siku ile."

Nililala mapema nimemkumbatia bibi, na nililala usingizi mzito kuliko wote niliowahi kuupata tangu tuhamie mjini. Asubuhi nilipoamka nilijua kabla ya kupapasa. Nimelowa, bibi kalowa, mkeka wangu na godoro la bibi la usufi chini yake vimelowa. Nilikaa kitako nikangojea.

Baba aliingia, akaona. Akaukunja mkeka mwenyewe, ile kazi ambayo mwanamme wa mjini angekufa kabla ya kuonekana nayo, lakini hakuupeleka roshanini. Alishuka nao ngazi zote, nami nyuma yake nashika kanzu yake kwa aibu, akafungua mlango mkubwa wa mbele, akautandaza juu ya baraza yetu, juani, kati ya watu waliokaa wakinywa kahawa. Wakasogea. Bi Mkubwa naye alikuwa kizingitini na kikapu chake, nikaona kinywa kinafunguka kwa ajili ya ile bendera yake, kisha kikafunga.

Mmoja wa wale wazee alikunja pua. "Astaghfirullah. Nani kakojoa?"

Baba akaunyoosha mkeka pembe zote nne, akaketi kando yake, akaomba kikombe cha kahawa.

"Mie," akasema.